Kijibwa Mtundu Uliyemwokota Anaweza Kuwa Mlinzi wa Banda Lako



Wengi mnaoniandikia mnauliza kuhusu mdondo, bei ya chakula cha kuku na viwavijeshi kwenye mahindi. Leo najibu swali jingine ambalo linajirudia sana: "Daktari, nimeokota mtoto wa mbwa nikitaka aje alinde banda, lakini ni mtundu balaa. Ameshaniulia vifaranga. Nimfanyeje?"

Kwanza tuwekane sawa. Huku kwetu kila anayeshika sindano ya mifugo anaitwa daktari. Mimi ni afisa ugani mwenye diploma. Pale panapohitaji daktari wa mifugo kamili nitasema wazi.

Jibu langu fupi ni hili: utundu wa mtoto wa mbwa ni nguvu isiyo na kazi. Mpe kazi, ratiba na chanjo katika miezi mitatu ya kwanza, utapata mlinzi. Mpe mnyororo na fimbo, utapata mmoja kati ya wawili: mbwa mwoga anayejificha nguchiro akija, au mbwa mkali asiyechagua, anayeuma mwizi leo na mtoto wa jirani kesho. Na kwa mbwa wa kuokota, ambaye hujui mama yake wala historia yake, usihesabu hasara ya vifaranga peke yake. Kuna kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo.

Ili tusiongee hewani, nitatumia shamba moja ninalolitembelea mara kwa mara hapa mkoani Morogoro.

Kibaka alivyofika shambani

Mwenye shamba ni dada wa miaka 26. Anafuga kuku chotara kama 300 na mbuzi 14. Kuna mwezi alipoteza kuku 19. Nguchiro alikuwa anakuja mchana, kicheche usiku, na siku moja watu walikata wavu wakaondoka na majogoo saba. Alipiga hesabu ya kuajiri mlinzi wa usiku, hesabu ikakataa.

Kaka yake, ambaye ni bodaboda, alikuta kiroba kimetupwa karibu na mashine ya kusaga. Ndani mlikuwa na watoto wa mbwa wawili, mmoja mweusi na mmoja wa kahawia, wamejaa viroboto na matumbo yamevimba kama ngoma. Meno yao 28 ya utoto yalikuwa yameshatoka yote, kwa hiyo tulikadiria wana wiki saba mpaka nane.

Yule mweusi hakufika mbali. Siku ya tatu alianza kutapika na kuharisha damu yenye harufu kali, siku ya nne akafa. Yule wa kahawia aliharisha kidogo tu, akapona. Ndani ya wiki mbili alikuwa ameiba kandambili tatu, soksi moja, dagaa waliokuwa wameanikwa kwenye ungo, na mayai mawili ya moto kutoka kwenye kiota. Wakamwita Kibaka.

"Daktari, huyu si mlinzi," dada aliniambia. "Huyu ni mwizi tuliyemfungulia geti wenyewe."

Siku 14 za kwanza: karantini

Kuku wapya huwaingizi kwenye banda la zamani siku ileile waliyofika. Kwa mbwa fanya vivyo hivyo. Mtengee kona kavu isiyo na upepo, yenye gunia la kulalia, mbali na mifugo na mbali na mbwa wengine. Chombo chake cha chakula na cha maji viwe vyake peke yake. Ukimshika, nawa kwa sabuni. Watoto wadogo wasimbebe bado.

Kuharisha damu kwa mtoto wa mbwa mara nyingi ni ugonjwa wa pavo. Ni kirusi kigumu sana, kinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi na kusafiri kwenye viatu. Ukipata kifo cha namna hiyo, zika mzoga shimo refu, choma gunia na boksi alilolalia, kisha osha sakafu na vyombo kwa sabuni, halafu kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji. Anayeharisha lakini bado yuko hai mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja, maana kinachomuua haraka ni kuishiwa maji mwilini. Kwa walio Morogoro, pale SUA kuna hospitali ya wanyama.

Kupe na viroboto watoe kwa mkono na kwa kumwogesha na sabuni ya kawaida. Tafadhali sana, usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukapima kwa macho. Kipimo cha ng'ombe kinaweza kumuua mtoto wa mbwa. Uliza duka la dawa za mifugo dawa inayofaa umri wake na uzito wake. Kumpima uzito ni rahisi: mweke kwenye beseni juu ya mzani wako wa chakula cha kuku, kisha toa uzito wa beseni.

Ratiba ya minyoo na chanjo

Tumbo lililovimba kwa mtoto wa mbwa lisikudanganye kuwa ameshiba. Wengi huzaliwa na minyoo kutoka kwa mama yao, na wengine huipata kwenye maziwa. Minyoo hiyo inaweza kuwapata hata watoto wako wanaochezea udongo. Ratiba ninayowapa wafugaji ni hii:

Minyoo: dawa kila baada ya wiki mbili mpaka afikishe wiki 12, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, halafu kila miezi mitatu maisha yake yote.

Chanjo ya mchanganyiko (pavo na distempa): inaanza wiki ya 6 mpaka ya 8, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16.

Kichaa cha mbwa: kwa kawaida akifikisha miezi mitatu, kisha rudia baada ya mwaka mmoja na kuendelea kama daktari atakavyoelekeza. Kampeni ya chanjo ikipita kijijini kwenu usimfiche kwa kuwa ni mdogo, mpeleke.

Kuna wanaoniambia distempa ni ugonjwa wa mbwa wa kizungu. Mwaka 1994 kirusi cha distempa kiliua takriban simba 1,000 katika Serengeti, karibu theluthi moja ya simba wote wa kule, na wataalamu waliuhusisha mlipuko huo na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Kama kiliangusha simba, kijibwa chako cha wiki nane hakina ujanja. Tunza kadi ya chanjo kama unavyotunza daftari la mauzo.

Chakula: asile hasara yako

Mtoto wa mbwa wa miezi miwili anakula mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Miezi minne, mara tatu. Akishafikisha miezi sita, mara mbili inatosha. Ugali laini au wali uliochanganywa na dagaa waliochemshwa, au utumbo uliochemshwa vizuri, unamfaa. Maji safi yawepo muda wote.

Sasa haya ndiyo makosa ninayoyakuta kwenye mashamba mengi.

Moja, mahindi yaliyooza. Tunasema "haya yameota ukungu, mpe mbwa." Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika vibaya na sumukuvu, inaharibu ini lake. Mahindi usiyoweza kula wewe, usimpe yeye, wala kuku.

Mbili, nyama mbichi ya machinjioni. Ukichinja mbuzi ukakuta vifuko vya maji kwenye ini au mapafu, ukamtupia mbwa, umemwekea minyoo ya tegu tumboni. Mayai ya tegu hao yanatoka na kinyesi, yanarudi kwenye malisho, na yanaweza kuingia kwa binadamu. Kichwa kibichi cha mbuzi au kondoo nacho kinaweza kumpa tegu wa aina nyingine, wale wanaosababisha ugonjwa wa mbuzi kuzunguka mahali pamoja mpaka anaanguka. Yaani unaweza kupoteza mbuzi watatu kwa sababu ya kichwa kimoja ulichomrushia mbwa. Chemsha, au zika shimo ambalo mbwa hafukui. Na dawa ya minyoo unayonunua iwe na prazikwanteli, kwa sababu siyo kila dawa inaua tegu.

Tatu, kuku waliokufa. Ukimtupia mbwa mzoga wa kuku wenye manyoya yake, umemfundisha kuwa kuku ni chakula. Usimlaumu kesho. Mizoga yote ichomwe au izikwe. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo usimpe, huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kumchoma utumbo.

Utundu una sababu

Kibaka alikuwa anatafuna kila kitu: mpini wa jembe, mpira wa maji, kona ya meza. Kuanzia kama miezi minne mpaka sita meno ya utoto yanadondoka na ya ukubwa yanaota, na fizi zinamwasha. Hata kabla ya hapo mdomo ndio mkono wake, anaujua ulimwengu kwa kuuma. Fimbo haiondoi hamu hiyo. Mpe kitu chake cha kutafuna: kamba nene iliyofungwa fundo, kipande cha tairi la baiskeli kisicho na waya, gunzi la mahindi. Gunzi angalia asilimeze. Akishika kandambili, usimkimbize, kwake huo ni mchezo na atarudia. Mpe kitu chake, akiachia kandambili msifu. Na wewe kandambili ziweke juu, bwana.

Jambo la pili ni usingizi. Mtoto wa mbwa hulala hata saa 18 kwa siku. Akinyimwa usingizi, na nyumbani kuna watoto wanaomvuta mkia kutwa nzima, anakuwa kama mtoto mchanga aliyechoka, isipokuwa huyu ana meno. Mpangie muda wa kucheza, muda wa kula, muda wa kujifunza na muda wa kuachwa peke yake kivulini.

Jambo la tatu ni kazi. Dada alimwekea Kibaka vipindi vitatu kwa siku, dakika tano kila kimoja. Maneno manne tu: njoo, kaa, acha, nyumbani. Kila mtu wa familia alitumia maneno hayohayo. Ukisema "njoo" na kaka yako anasema "kuja hapa" na bibi anapiga makofi, mnamchanganya. Zawadi ilikuwa dagaa mmoja, siyo konzi ya dagaa. Mluzi ulipigwa kila wakati wa chakula, kwa hiyo baada ya wiki chache mluzi ukilia popote alipo anarudi mbio. Mluzi huo ndio baadaye uliokuwa unamtoa kwenye kuku kabla hajaharibu.

Kuhusu mahali pa kulala, anayelinda banda alale karibu na banda tangu utotoni, penye paa. Wenzetu Waislamu mara nyingi huniuliza. Mafundisho yanayofahamika yanaruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Mwekee vyombo vyake mbali na vya nyumbani, alale nje, na suala la tohara ya mate yake muulize sheikh wako.

Siku alipomng'ata mtoto

Hapa nataka msome taratibu.

Kibaka alikuwa na wiki kama 11, chanjo ya kichaa bado hajachanjwa. Mtoto wa miaka sita wa nyumba ya jirani alijaribu kumpokonya kandambili. Akamng'ata kiganjani, damu ikatoka. Kidonda kilikuwa kidogo, ukubwa wa punje ya mchele.

Mtu mmoja akaja na mafuta ya taa ya kupaka. Mwingine akasema ni mbwa mdogo, hana sumu. Mzee mmoja wa jirani akashika panga, amuue Kibaka palepale. Dada alifanya tofauti. Alimshika mtoto mkono, akaweka saa ya simu, akaosha kidonda kwa sabuni na maji ya kumimina kwa dakika 15 kamili. Kisha akampandisha mtoto na mama yake kwenye bodaboda. Zahanati ya kwanza haikuwa na chanjo, wakaelekezwa hospitali, na huko mtoto akaanza dozi siku hiyohiyo. Gharama alibeba dada. Siyo ndogo, na hakubishana.

Alichofanya ndicho kinachotakiwa. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, hadi asilimia 99, vinatoka kwa mbwa. Kirusi kiko kwenye mate. Ukubwa wa kidonda haukuambii kitu, na umri wa mbwa haukuambii kitu, maana mtoto wa mbwa naye anaweza kuwa ameshaumwa na mbwa mgonjwa kabla hujamwokota. Dalili kwa binadamu zinaweza kuchukua wiki au miezi kutokea, na kipindi hicho cha ukimya ndicho cha kuokoa maisha. Osha dakika 15, nenda hospitali, maliza dozi zote hata kama mtoto anacheza mpira kama kawaida. Mafuta ya taa, ugoro na pilipili kwenye kidonda achaneni navyo.

Na yule mbwa? Kama yuko hai na anaweza kuzuiwa kwa usalama, usikimbilie kumuua. Mfungie mahali imara, apewe chakula na maji, aangaliwe kwa siku 10. Mbwa aliyekuwa na kirusi kwenye mate siku aliyouma ataonyesha ugonjwa au kufa ndani ya siku hizo: anabadilika tabia, anatokwa mate, anashindwa kumeza, sauti inabadilika, anang'ata hata mbao, au anapooza na kujificha kimya. Akionyesha dalili au akifa, mwite afisa mifugo ili kichwa kichukuliwe kwa vipimo. Usikikate wewe. Mbwa aliyekatwa panga na kuzikwa usiku hawezi kutuambia chochote, na familia inabaki na wasiwasi. Lakini elewa: matibabu ya mtu hayasubiri siku 10 ziishe. Yanaanza leo, na daktari ndiye ataamua baadaye kama kuna dozi za kupunguza.

Siku kumi za Kibaka zilikuwa ndefu. Dada alinipigia simu kila jioni. "Amekula, daktari. Amekojoa. Ametafuna mlango." Siku ya kumi na moja alikuwa mzima kabisa, na siku alipofikisha miezi mitatu alichanjwa. Yule mzee wa panga aliuliza kadi aione kwa macho yake. Alionyeshwa.

Kumzoesha kuku hatua kwa hatua

Hapa ndipo wengi wanapochemka. Wanamwachia mbwa na vifaranga siku ya kwanza, anaua wawili, anapigwa, basi mradi umekufa. Fuata hatua hizi, na usiruke.

Hatua ya kwanza, wavu katikati. Mbwa yuko nje ya wavu na kamba shingoni, wewe umekaa naye. Akiwaangalia kuku kwa utulivu, au akigeuza macho akakuangalia wewe, mpe dagaa. Akirukia wavu, mrudishe nyuma hatua kadhaa bila kupiga kelele. Dakika kumi, mara mbili kwa siku. Kwa Kibaka hatua hii ilichukua wiki tatu.

Hatua ya pili, ndani ya uzio na kamba mkononi. Anza na kuku wakubwa, hasa jogoo au mama mkali asiyekimbia ovyo. Kuku anayekimbia na kupigapiga mabawa anamwamsha mbwa hamu ya kukimbiza. Fanya hivyo mbwa akiwa ameshiba na ameshacheza, asubuhi mapema au jioni.

Hatua ya tatu, kamba inaburuzika chini. Wewe upo, unaokota mayai au unajaza maji, yeye anatembea. Akianza kunyatia, sema "acha" na ukanyage kamba. Akija kwako, msifu.

Hatua ya nne, peke yake na kuku wakubwa kwa muda mfupi, kisha unaongeza. Hii isifike kabla hajafikisha miezi minane au zaidi. Kwa vifaranga subiri mpaka avuke mwaka. Mbwa wa kulinda mifugo hukomaa akili kati ya mwaka mmoja na nusu na miwili, kwa hiyo akiharibu akiwa na miezi saba usishangae. Rudi hatua moja nyuma.

Wakati huo wote watoto nyumbani wasimfanye mbwa akimbize kuku kwa kicheko. Na kama unafuga mbuzi, huko kazi ni rahisi zaidi: alale karibu na zizi lao tangu akiwa mdogo, aamke na harufu yao.

Je, mbwa wa kienyeji anatosha?

Kijana mmoja aliniuliza kama ni lazima anunue mbwa wa kigeni wa bei kubwa. Kule Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund lilianza mwaka 1994 kuwapa wafugaji mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki walinde mbuzi na kondoo dhidi ya duma, na mpango huo umefanikiwa. Lakini majirani zao wa Botswana wamekuwa wakitumia mbwa wa kienyeji kwa kazi hiyohiyo, na wanafanya kazi vizuri. Wanakula kidogo na wamezoea joto la kwao. Kinachofanana sehemu zote mbili ni kwamba mtoto wa mbwa anaanza kuishi na mifugo angali mdogo sana. Malezi ndiyo yanayoamua. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walishamaliza.

Mambo ambayo nakuomba usiyafanye

Usimlishe pilipili wala kumfungia gizani ili awe mkali. Unatengeneza mbwa mwenye hofu, na mbwa mwenye hofu anamuuma yeyote aliye karibu, akiwemo wewe. Kutesa mnyama ni kosa pia kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Usimpige kwa kosa la jana. Mbwa anaunganisha adhabu na kile kinachotokea sasa hivi. Ukimkuta amelala, ukamburuta mpaka kwenye kifaranga aliyekufa asubuhi ukamchapa, amejifunza kitu kimoja tu, kwamba wewe si wa kuaminika.

Usimfunge mnyororo mfupi kutwa nzima. Hawezi kulinda eneo asilolijua.

Usiache sumu ya panya na dawa za mazao chini. Mtundu wa aina ya Kibaka atazionja kabla panya hajaziona.

Usimwache azae ovyo. Mimba ya mbwa ni kama siku 63 tu, na watoto wasio na mwenyewe ndio hao tunaowakuta kwenye viroba. Dume ahasiwe, jike afungwe kizazi, na hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura, na mbwa asiyezurura ndiye anayebaki bandani usiku.

Hesabu ya mwisho

Kibaka sasa ana miezi kumi. Katika miezi minne iliyopita shamba limepoteza kuku wawili, wote kwa mwewe, na mwewe dawa yake ni wavu wa juu, siyo mbwa. Nguchiro amehama njia. Usiku mmoja alibweka mpaka nyumba tatu zikaamka, na asubuhi zilionekana nyayo za viatu nje ya uzio. Wavu haukuguswa. Banda la vifaranga bado hajaruhusiwa kuingia, na kandambili bado zinawekwa juu ya kabati.

Gharama zake ni chanjo, dawa ya minyoo, dagaa na dakika 15 za mafunzo kwa siku. Ziandike kwenye daftari la shamba kama unavyoandika pumba na chanjo ya mdondo, kwa sababu mbwa huyu ni sehemu ya mradi. Kisha linganisha na kuku unaowapoteza kwa mwezi, uone mwenyewe.

Kama umeokota mtoto wa mbwa wiki hii, anza na mambo matatu leo: mtengee kona yake, mpime uzito, na mpigie afisa mifugo wa kata yako umuulize chanjo ya kichaa cha mbwa itapatikana lini. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi huchanja mbwa kwa wingi karibu na siku hiyo. Usisubiri Septemba kama mbwa wako ameshafikisha miezi mitatu.

Wiki ijayo tutarudi kwenye kuku: namna ya kuweka wavu wa juu kwa gharama nafuu ili mwewe akose pa kushukia. Kazi njema.